Kipimo kimoja, bei nne: kisa cha familia iliyopimwa jeni ya BRCA1 nchini Marekani

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wale wanaowasindikiza wagonjwa katika mambo ya bili: wakalimani wa hospitali, wahudumu wa afya ya jamii, na yule ndugu mmoja katika kila ukoo ambaye barua zote za Kiingereza hupelekewa yeye azisome. Majina yameondolewa, umri na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike, na fedha zimekadiriwa kwa makumi ya dola.

Usuli

Bi. R. ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Tanzania, anayeishi na mumewe na watoto watatu katika jimbo mojawapo la katikati mwa Marekani. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na kupitia mwajiri wake ana bima ya aina ambayo makato yake ya kila mwezi ni madogo kwa sababu mzigo umewekwa mbele: mwanachama hujilipia mwenyewe dola 3,000 za mwanzo za matibabu kila mwaka, kisha huchangia asilimia 20 ya gharama zinazofuata, hadi matumizi yake ya mwaka yafike dola 6,500. Hesabu hiyo huanza upya tarehe 1 Januari. Yeye aliingia kliniki wiki ya pili ya Januari, akiwa hajatumia hata dola moja kati ya zile 3,000.

Mama yake alifariki akiwa na miaka 52, na nyumbani ilisemwa siku zote kwamba alikufa kwa maji tumboni. Mama yake mdogo aliondolewa titi akiwa na miaka 44. Misiba hiyo miwili ilikuwa imepishana kwa miaka mingi, na hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuiweka katika sentensi moja.

Kuna sheria inayohusu hali kama yake. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Obamacare, inazilazimisha bima nyingi kulipia kwa ukamilifu, bila mgonjwa kuchangia chochote, huduma za kinga zilizopewa daraja A au B na jopo la kitaifa la wataalamu wa huduma za kinga. Mwezi Agosti 2019 jopo hilo lilihuisha pendekezo lake la daraja B kuhusu BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikirithiwa zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari: mwanamke mwenye historia ya saratani ya titi au ya ovari katika familia aulizwe maswali mafupi ya kupima hatari, akionekana yuko hatarini apelekwe kwa mshauri wa vinasaba, na baada ya ushauri, ikibidi, apimwe. Serikali imeshafafanua kwamba bima zinazobanwa na sheria hiyo zinatakiwa kulipia ushauri na kipimo chenyewe, si ushauri peke yake. Pendekezo linawahusu wanawake. Mwanaume mwenye mama yuleyule na hatari ileile ya kurithi hayumo.

Kwa maandishi, basi, kipimo cha Bi. R. kilitakiwa kumgharimu sifuri.

Yaliyotokea

Alikwenda kwa uchunguzi wa kawaida wa mwaka. Daktari alipokuwa anamalizia, Bi. R. akamwambia, kama wengi wetu tunavyosubiri hadi mkono wa daktari uwe kwenye kitasa cha mlango, kwamba titi la kushoto lilikuwa linamuuma tangu Desemba. Daktari alimpima, hakukuta uvimbe, akaandika maumivu kwenye faili, na ndipo alipouliza habari za familia. Majibu yalimfanya ajaze dodoso fupi la hatari ya kurithi na kumwandikia rufaa ya kwenda kwa mshauri wa vinasaba.

Mazungumzo na mshauri yalifanyika wiki tatu baadaye kwa njia ya video, mkalimani wa Kiswahili akiwa kwenye simu. Mshauri alisikiliza habari ya maji tumboni, akaeleza kwamba maji hujaa tumboni kwa sababu nyingi, zikiwemo ini, moyo na kifua kikuu, na kwamba angehitaji kujua ugonjwa wenyewe ulikuwa upi. Usiku ule dada wa Bi. R. aliyeko Tanzania alifungua sanduku la mama na kukuta majibu ya kinyama, yaani kipande cha mwili kilichopimwa maabara, kutoka hospitali ya rufaa: saratani ya ovari. Aliitandaza karatasi juu ya shuka, akaipiga picha, akaituma kwa WhatsApp. Mshauri aliiingiza kwenye faili na kuandika maelezo ya ukurasa mmoja na nusu, akipendekeza kipimo cha jeni zaidi ya 30 kwa pamoja, BRCA1 na BRCA2 zikiwemo, kwa kuwa maabara husika ilitoza bei ileile iwe zinasomwa jeni mbili au thelathini.

Damu ilitolewa kliniki wiki hiyohiyo. Fomu iliyoambatana na chupa ya damu ilichapishwa na mfumo wa kompyuta wa kliniki, nao mfumo ulijaza sehemu ya sababu ya kipimo kwa kuchukua ugonjwa ulioandikwa kwenye ziara ya mwisho ya mgonjwa kwa daktari. Kwenye kisanduku hicho palisomeka N64.4, msimbo wa maumivu ya titi. Hapakuwa na Z80.41, msimbo wa historia ya saratani ya ovari katika familia, wala Z80.3, ule wa saratani ya titi katika familia. Hakuna aliyeusoma mstari ule kabla chupa haijaondoka.

Majibu yalitoka mwezi Machi. Bi. R. amerithi badiliko la hatari kwenye jeni ya BRCA1. Mwanamke mwenye badiliko la aina hiyo ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 60 wa kupata saratani ya titi katika maisha yake, na wa kati ya asilimia 39 na 58 wa kupata saratani ya ovari.

Siku kumi baadaye ilifika bahasha ya bima. Ilikuwa na safu nne: maabara imedai dola 4,200, kiasi kinachokubalika kwa mkataba wa bima na maabara ni dola 1,640, bima imelipa dola 0, wajibu wa mwanachama ni dola 1,640. Juu kabisa, kwa herufi kubwa za Kiingereza, iliandikwa kwamba karatasi hiyo si bili. Mume wa Bi. R. aliiona ile namba ya mwisho peke yake. Alitaka kulipa kwa kadi ya mkopo siku hiyohiyo. "Tulipe tupumue, kwanza tushughulikie afya yako," alimwambia mkewe.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutolipa. Karatasi ya bima inaeleza jinsi dai lilivyoshughulikiwa. Anayedai fedha ni maabara, na maabara ilikuwa bado haijatuma chochote. Fedha zikishatoka, mgonjwa anageuka kuwa mwombaji wa kurudishiwa, na kasi ya mambo hubadilika. Badala yake familia iliomba vitu viwili: nakala ya fomu ya kipimo kutoka kliniki, na maabara isimamishe akaunti kwa siku 90 ili deni lisipelekwe kwa wakusanya madeni. Vyote vilikubaliwa kwa simu, na jina la kila aliyepokea simu liliandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe.

Katika simu hiyo ya maabara lilijitokeza jambo ambalo familia haikulitarajia. Mhudumu alieleza kwamba mgonjwa anayejilipia mwenyewe bila kupitia bima hutozwa dola 250. Bi. R. aliomba atozwe hizo. Jibu lilikuwa hapana: dai lilishapelekwa bima na kuamuliwa, na mkataba wa maabara na bima hauruhusu kulifuta ili mwanachama apewe bei ya taslimu. Alichoweza kupewa ni fomu ya punguzo kulingana na kipato, na kwa hesabu ya kipato cha familia ya watu watano alikadiriwa kubakiwa na dola 400.

Hapo palihitaji kufikiri. Dola 400 badala ya 1,640 si jambo la kudharauliwa kwa familia ya mhudumu wa wazee, na wengi wangechukua. Familia iliamua kuliweka punguzo hilo kama ngome ya nyuma na kurekebisha kwanza kosa la msimbo, kwa sababu kukubali punguzo kungefunga akaunti na kuliacha dai kama lilivyo kwenye kumbukumbu za bima.

Ofisi ya bili ya kliniki ilikataa mara ya kwanza. Karani alisema hawabadilishi misimbo ili bima ilipe. Kauli hiyo iliwaudhi wanafamilia, lakini ina msingi: kuandika ugonjwa ambao mgonjwa hana, au kuficha alionao, ili dai lipite, ni udanganyifu wa bima, na kliniki inaweza kushtakiwa. Kilichohitajika ni kuonyesha kwamba ombi lilikuwa la kusahihisha, si la kupamba. Bi. R. alipeleka maelezo ya mshauri, yenye tarehe inayotangulia ile ya kutolewa damu, yakitaja wazi kwamba sababu ya kipimo ni saratani ya ovari ya mama na ya titi ya mama mdogo. Daktari aliyasoma, akaongeza maelezo kwenye faili, akasaini fomu iliyosahihishwa, na maabara ikatuma dai upya mwezi Aprili.

Bima ilikataa tena mwezi Mei, safari hii kwa sababu nyingine: huduma ya kinga ni BRCA1 na BRCA2, ilhali kilichofanyika ni kipimo cha jeni zaidi ya 30. Familia ikakata rufaa ya ndani, yaani kwa bima yenyewe. Mwanachama ana siku 180 tangu apate barua ya kukataliwa kufanya hivyo, na kwa huduma iliyokwishatolewa bima inatakiwa kujibu ndani ya siku 60. Ikikataa, zipo takriban miezi minne ya kuomba mkaguzi wa nje asiye mfanyakazi wa bima. Barua ya rufaa ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilinukuu pendekezo la 2019, ikaambatisha dodoso la daktari, maelezo ya mshauri na karatasi ya kinyama yenye tafsiri, kisha ikaeleza kwamba BRCA1 na BRCA2 zimo ndani ya kipimo kilichofanyika na kwamba jeni za ziada hazikuongeza bei.

Wakati hayo yakiendelea, ndugu wawili walikuwa na maamuzi yao.

Kaka wa Bi. R., dereva wa lori asiye na bima, alikuwa na haki ambayo wengi hawaijui: tangu tarehe 1 Januari 2022 mtu asiye na bima, au anayechagua kutoitumia, anastahili kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya huduma, na bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi anaweza kuipinga ndani ya siku 120. Aliomba makadirio hospitali ya jirani. Yakaja ya dola 2,900. Alipopiga simu moja kwa moja kwenye maabara iliyompima dada yake, aliambiwa dola 250, au bila malipo kabisa kama atapima ndani ya siku 90 tangu majibu ya dada yake yatoke, kwa kuwa maabara hiyo huwapima bure ndugu wa karibu wa aliyekutwa na badiliko la hatari.

Hakuchukua kipimo cha bure. Alitaka kwanza kukata bima ya maisha kwa ajili ya wanawe. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia ubaguzi kwa misingi ya vinasaba inazizuia bima za afya na waajiri kutumia majibu ya aina hii dhidi ya mtu, lakini haigusi bima ya maisha, ya ulemavu wala ya matunzo ya uzeeni. Florida ilijiwekea kinga yake mwaka 2020. Jimbo la kaka huyu halina. Alijibu kwa ukweli kila swali aliloulizwa kwenye fomu, pamoja na lile la ugonjwa wa mama, na uchunguzi wa kampuni ukachukua muda kuliko alivyodhani. Alipopata mkataba wake, siku 90 zilikuwa zimepita.

Dada aliyeko Tanzania hakuwa na la kuchagua. Kipimo cha bure cha ndugu kilikuwa kwa wenye anwani Marekani au Kanada tu.

Matokeo

Mwezi Julai bima ilikubali rufaa yote, ikalipa dola 1,640 kwa maabara, na wajibu wa Bi. R. ukawa sifuri.

Kaka yake alilipa dola 250, akaletewa kichupa cha mate kwa posta, na majibu yake yakaonyesha kwamba hakurithi badiliko la mama. Watoto wake hawawezi kulipata kupitia kwake.

Bi. R. alipigwa picha za matiti za MRI mwezi Mei, na mwezi Agosti aliondolewa ovari na mirija yake, upasuaji ambao kwa wenye BRCA1 hupendekezwa kati ya miaka 35 na 40 kwa aliyekwisha maliza kuzaa. Wiki mbili kabla ya upasuaji palitokea jambo lililomshtua mumewe. Hospitali ilikuwa imewapa mwezi Juni makadirio ya mchango wao wa upasuaji: dola 3,010. Mwisho wa Julai yalifika makadirio mapya ya dola 4,320. "Tumeshinda rufaa, mbona bili imepanda?" aliuliza. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika kisa hiki.

Uchambuzi

Tuanze na swali lake. Dola 1,640 za kipimo, hata kabla hazijalipwa, zilikuwa zimehesabiwa ndani ya zile 3,000 ambazo Bi. R. hujilipia kila mwaka. MRI ya Mei, iliyokubaliwa kwa dola 1,100, ikaongezea, na zikabaki dola 260 tu. Upasuaji ulikadiriwa dola 14,000: angelipa 260, kisha asilimia 20 ya zilizobaki. Rufaa iliposhinda, zile 1,640 zilitolewa kwenye hesabu, na mbele ya upasuaji zikasimama dola 1,900 badala ya 260. Hivyo familia iliokoa 1,640 upande mmoja na kuongezewa 1,310 upande wa pili. Faida halisi ya miezi minne ya barua na simu ilikuwa dola 330.

Sisemi hivi ili kuidharau rufaa. Kama majibu ya kipimo yangekuwa salama, Bi. R. asingekuwa na MRI wala upasuaji mwaka ule, na dola 1,640 zingekuwa zimetoka mfukoni bila kumsaidia popote. Rufaa ingemwokolea zote. Hali ingekuwa hivyohivyo kama upasuaji ungefanyika mwaka uliofuata. Kinachoonekana hapa ni kwamba thamani ya kupigania bili ya kipimo inategemea matibabu gani mengine yatafanyika kabla ya Desemba 31. Kwa aliyekutwa na badiliko la hatari, kuna hatua yenye uzito mkubwa zaidi kuliko rufaa: kukusanya MRI, ushauri wa daktari bingwa na upasuaji ndani ya mwaka mmoja wa bima, ili zile dola 3,000 za mwanzo zilipwe mara moja badala ya mara mbili. Familia hii ilifanya hivyo, ingawa zaidi kwa ushauri wa daktari wa upasuaji kuhusu umri wa mgonjwa kuliko kwa hesabu ya fedha. Ukiwa na mgonjwa wa namna hii, uliza tarehe ya upasuaji kabla ya kuandika barua yoyote.

Suala la pili ni la meza mbili. Mshauri wa vinasaba aliandika Z80.41 kwenye dai la mazungumzo yake, na bima ikalilipa kamili bila swali, kama sheria inavyotaka. Chupa ya damu iliyotolewa wiki hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo, kwa mgonjwa huyohuyo, ikaandikiwa N64.4 na kuzaa deni la dola 1,640. Kompyuta ya bima haikuwa na namna ya kujua kwamba madai haya mawili ni ndugu. Kwake la kwanza lilikuwa la mtu asiye na dalili anayejikinga, na la pili la mtu mwenye dalili anayetafuta ugonjwa. La pili linaingia kwenye zile 3,000. Kosa hili halikuhitaji uzembe wa mtu yeyote. Mfumo ulijaza kisanduku, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kukisoma. Ndiyo maana mkalimani au mhudumu anayemsindikiza mgonjwa chumba cha kutolea damu anaweza kusaidia kwa swali moja: sababu iliyoandikwa kwenye fomu hii ni ipi? Kusahihisha pale kungechukua dakika tano. Kusahihisha baadaye kulihitaji saini ya daktari, na kulikaribia kuonekana kama ujanja.

Karatasi ya kinyama inastahili kutajwa peke yake. Bila hiyo, mshauri angekuwa na titi la mama mdogo na maji tumboni yasiyo na jina, na rufaa ingesimama kwa mguu mmoja. Familia nyingi zetu zina karatasi za namna hiyo kwenye masanduku, na nyingine nyingi zilizitupa baada ya arobaini. Anayetegemea kwenda kwa mshauri wa vinasaba aanze kuzitafuta wiki kadhaa kabla, kwa wale waliobaki nyumbani.

Sasa tuje kwenye bei yenyewe, kwa sababu jambo linalowachanganya watu zaidi ni kwamba mwenye bima alidaiwa karibu mara saba ya kile alicholipa asiye nayo. Historia inasaidia. Hadi mwaka 2013 kampuni moja, Myriad Genetics, ndiyo iliyokuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya umiliki, za jeni za BRCA1 na BRCA2 nchini Marekani, na kipimo kiliuzwa kwa dola kati ya 3,000 na 4,000. Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba jeni iliyotolewa mwilini kama ilivyo haiwezi kumilikiwa kwa hataza. Maabara nyingine ziliingia sokoni, na mwaka 2015 kampuni ya Color ilianza kuuza kipimo cha jeni kadhaa za saratani kwa dola 249. Bei ya taslimu imezunguka hapo tangu wakati huo. Bei inayopelekwa bima haikuifuata. Ile namba ya 4,200 ni ya kufungulia mazungumzo tu. 1,640 ndiyo iliyokubaliwa kati ya maabara na bima, na ndani yake kuna gharama za makarani, rufaa, na madai yatakayokataliwa. Anayelipa 250 amezikwepa gharama hizo zote, na malipo yake hayahesabiwi kwenye zile 3,000.

Kwa hiyo mwenye bima yenye mzigo mkubwa wa mbele ana swali la kuuliza maabara kabla damu haijatolewa: nikijilipia, ni kiasi gani, na nikipitia bima, makadirio ya mchango wangu ni yapi? Mwanamke anayestahili chini ya pendekezo la 2019, mwenye misimbo sahihi na maabara yenye mkataba na bima yake, ana kila sababu ya kupitia bima. Mwanaume, au mwanamke asiyetimiza masharti, au mtu anayepima mwezi Januari akiwa hatarajii matibabu mengine, mara nyingi atatoka vizuri zaidi kwa bei ya taslimu. Uamuzi huo hufanywa mara moja tu. Dai likishapelekwa, mlango wa 250 hufungwa, kama Bi. R. alivyoambiwa.

Kaka naye anaonyesha kwamba kutokuwa na bima si bei moja. Mlango wa hospitali ulikuwa dola 2,900, mlango wa maabara 250, na kwa siku 90 ulikuwepo mlango wa bure. Makadirio ya maandishi ni kinga dhidi ya kushtukizwa, lakini hayamwambii mtu kwamba jirani anauza kwa bei ya chini mara kumi. Dola zake 250 naziona kama ada ya kuweka mambo kwa mpangilio aliouchagua, yaani bima ya maisha kwanza na kipimo baadaye, na kwa baba wa watoto wadogo ambaye hakujua majibu yatakuwaje sioni kosa hapo. Ambacho kingeweza kwenda vizuri zaidi ni taarifa: tarehe ya mwisho ya kipimo cha bure ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa pili wa majibu ya dada yake, na familia ilikuja kuijua kwa simu wiki tano baadaye.

Linabaki suala la dada. Kwa kuwa badiliko la familia linajulikana, hahitaji kusomewa jeni 30. Maabara inaangalia sehemu moja tu ya BRCA1, na kipimo cha namna hiyo ni nafuu kuliko kamili. Hospitali aliyokwenda ilimwambia kwamba sampuli itasafirishwa nje ya nchi na kwamba analipa taslimu kabla haijatolewa. Kundi la WhatsApp la ukoo limeshachanga fedha za kipimo. Mshauri wa Bi. R., alipoulizwa, alisema dada asipime hadi ajue nani atamwangalia majibu yakiwa mabaya, kwa daktari gani na kwa gharama ya nani, kwa kuwa picha za kila mwaka na upasuaji vitahitaji fedha nyingi kuliko kipimo chenyewe. Ukoo umekubaliana kuendelea kuchanga, na dada ameweka miadi na daktari wa wanawake akiwa na nakala ya majibu ya Bi. R. yenye jina kamili la badiliko, kwa sababu bila mstari huo maabara haitajua pa kuangalia.